Nyota ya Babu Haina Jina

Julai ikikaribia, barua zinazofika kwenye safu hii hubadilika sura. Zinakuja na picha za medali zilizopigwa juu ya kitambaa cha meza, pamoja na majina ya mababu waliokwenda vitani. Mwezi huu tunajibu sita. Karibu zote zinazunguka jambo moja, nalo ni jina: nani kaandikwa, nani kaandikwa vibaya, nani hakuandikwa kabisa.

Mhariri, salamu. Babu mzaa baba alikuwa Keya. Alipofariki tulifungua sanduku lake la bati tukakuta nyota mbili na kitu kama sarafu kubwa, vyote na riboni zilizochakaa. Jina lake halipo popote. Shemeji yangu anasema ni feki, za kununuliwa mnadani. Tena zimeota kijani. Nataka kuzisugua zing'ae kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Nitumie nini? — Msomaji, Tanga

Mwambie shemeji atulie. Nyota isiyo na jina ndiyo ya kawaida. Medali za Vita Kuu ya Kwanza zilichongwa namba, cheo na jina la askari ukingoni. Vita ya Pili ilipokwisha, Uingereza iliamua kutochonga chochote kwenye nyota na medali za kampeni, na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza huku Afrika Mashariki, yaani Keya wetu, wakapewa hivyohivyo, mgongo mtupu. Afrika Kusini na Australia ziliwachongea watu wao, kwa hiyo ukiona mahali nyota yenye jina, isikutie shaka na ya babu.

Sasa zisome. Nyota ina ncha sita, ni ya mchanganyiko wa shaba na zinki, na katikati zipo herufi za Mfalme George wa Sita zikizungukwa na jina la nyota yenyewe. Umbo la zote ni moja, hivyo soma maneno ya duara. Kama maneno yamelika, riboni itasema. Nyota ya 1939–45 ina mistari mitatu sawa: buluu iliyokoza, nyekundu na buluu ya maji. Nyota ya Burma ina nyekundu pana katikati na buluu iliyokoza pembeni, na kila buluu imepasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa. Riboni ya rangi ya mchanga ni Nyota ya Afrika, nayo haikuwa ya Misri na Libya tu. Waliopigana Uhabeshi na Somalia mwaka 1940 na 1941 waliistahili pia. Ile unayoiita sarafu igeuze nyuma. Simba akisimama juu ya joka ni Medali ya Vita. Simba wawili na mti ni Medali ya Ulinzi.

Kuhusu kusugua: usisugue. Brasso, majivu, ndimu na chumvi, dawa ya meno, vyote vinang'arisha kwa kula chuma. Ukifanya hivyo kila mwaka, miaka kumi ijayo yale maneno ya duara hayatasomeka, na ndiyo pekee yanayoitambulisha nyota. Rangi ya kahawia iliyokolea si uchafu, ni ngozi inayoilinda. Kinachotakiwa kuondoka ni ule unga wa kijani tu. Vua riboni kwanza. Unga ukwangue taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, si sindano wala kisu. Halafu chukua maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni laini ya maji, pitisha mswaki laini, suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba, kisha iache saa nzima mahali penye hewa kabla ya kuirudisha kwenye riboni. Riboni yenyewe usiilowanishe hata kidogo, maana ile nyekundu huchuja na kuingia kwenye rangi nyingine. Ipigepige vumbi kwa brashi kavu, basi. Kama imekatika, zinauzwa mpya za upana wa milimita 32, lakini ile kuukuu usiitupe.

Pa kuhifadhi ndipo wengi wanapoharibu. Mfuko wa plastiki laini, ule unaonata ukiushika, hutoa asidi polepole na kuzidisha kijani. Mpira wa kufungia noti unafanya madini ya fedha yawe meusi. Kata kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kifue mara mbili bila kukitia wanga, zifungie humo kila moja peke yake, uweke na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Tanga kuna joto na chumvi hewani. Vifuko hivyo badilisha kila baada ya miezi michache.

Na kwa kuwa nyota haina jina, kinachoifunga kwa babu ni karatasi: cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha akiba ya posta kama kipo, barua, picha. Visitenganishwe na medali wakati wa kugawana mirathi, hata kama wajukuu ni kumi na kila mmoja anataka chake. Piga picha kila kitu pande zote mbili kando ya dirisha mchana, na rula pembeni. Cheti usikipige laminesheni. Tunajua kila steshenari inakushawishi, lakini joto la mashine hupausha wino wa zamani, na plastiki ikishagandamana na karatasi haibanduki tena bila kuichana.

Wahariri, hamjambo. Ndugu ya babu aliingia Panyako, kile kikosi cha kazi cha jeshi (Pioneer Corps), mwaka 1942 hivi, baadaye ikasemekana alivushwa bahari kwenda Burma. Hakurudi na hatukuletewa barua. Tunataka kujua kama jina lake liko popote. — Msomaji, Kakamega

Pa kuanzia ni orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Inatafutwa mtandaoni bure. Anayekutoza ada ya kutafuta anakuuzia hewa. Orodha ina mipaka ya tarehe: kwa Vita ya Kwanza, waliofariki kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, kwa ya Pili, kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyerudi nyumbani akafa mwaka 1960 hayumo, na familia nyingi hupoteza wiki nzima wakimsaka humo.

Tatizo kubwa litakuwa tahajia. Jina liliandikwa na karani aliyelisikia mara moja, mara nyingi mtu wa kabila jingine au Mzungu. Khamis akawa Amisi, r ikawa l, Wekesa akapoteza herufi. Wengi waliandikwa jina lao na la baba tu, kwa mtindo wa "fulani mwana wa fulani", bila jina la ukoo mnalolitumia leo. Kwa hiyo usijaze visanduku vyote. Andika jina moja tu, uache vingine vitupu, chagua vita na miaka, uone orodha inavyokuja. Kisha rudia kwa jina la baba yake. Kisha kwa kila tahajia unayoweza kuifikiria. Orodhesha kwenye karatasi kwanza na ukate mojamoja, la sivyo utajizungusha. Kikosi usikichague mwanzoni, kwa sababu aliyeanza Panyako angeweza kuhamishiwa kwa wapishi, madereva, wauguzi au mizinga. Ukipata wanaofanana, ndipo uangalie namba ya askari. Inakili pamoja na herufi zinazoitangulia, maana bila herufi zile namba moja inaweza kuwa ya watu wawili.

Mahali nako kunasaidia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni za mwaka 1944, ikavuka mto Chindwin Desemba hiyo. Waliofia huko bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan kaskazini ya Yangon, wenye majina kama 27,000. Kwenye orodha Burma itafute kwa jina la Myanmar. Lakini "alivushwa bahari" inaweza kuwa na maana nyingine. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika zisizozidi mbili na watu 1,297 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao majina yao hayako Burma. Yako Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya barabara ya Ngong. Toka Kakamega hiyo ni safari ya siku moja.

Ukimpata, tovuti ya Tume itakutolea cheti cha kumbukumbu cha kuchapisha. Ukiona tahajia imekosewa au hayumo kabisa, Tume inapokea maombi ya kusahihisha na kuongeza majina, ila inataka ushahidi kwamba alikuwa jeshini na kwamba alifariki ndani ya tarehe zile. Simulizi ya familia peke yake haitoshi; barua ya enzi hizo, kitabu cha malipo au daftari la kanisa linatosha kuanzisha faili.

Kwa wanaotafuta wapagazi wa Vita ya Kwanza, wale walioliachia jina soko la Kariakoo, hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na Wamisri. Msidhani mmetafuta vibaya. Inawezekana hakuna aliyewahi kuliandika jina lile.

Kuna kijana anapita mtaani kwetu na fomu za "fidia ya Keya". Anataka 30,000 kwa kila familia, anasema Uingereza inalipa wajukuu. Ni kweli? — Msomaji, Mwanza

Si kweli. Askari wa Keya walipewa kiinua mgongo cha mara moja walipoachishwa, tena kidogo kuliko cha Mzungu wa cheo kilekile, na hilo ni dai la haki kulisema. Lakini hakuna mfuko unaolipa wajukuu. Kinachowachanganya watu ni malipo ya mwaka 2013, Uingereza ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari ya Mau Mau. Ile ilikuwa kesi ya mateso, yenye majina yaliyokwisha kufungwa, na haikuhusu askari wa Vita ya Pili.

Msaada uliopo ni wa Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921, kwa askari wa zamani wa taji la Uingereza na wajane wao walio katika hali duni. Hupitia chama cha wanajeshi wastaafu cha nchi husika na fomu hailipiwi. Kama bibi yenu, mjane wa Keya, bado yu hai, nendeni na cheti cha ndoa au kiapo chake, cheti cha kuachishwa jeshi cha babu na kitambulisho cha bibi. Haraka, kwa umri wao.

Kijiji chetu wilayani Missenyi tunataka kujenga mnara mdogo wa vijana wetu waliokufa Vita vya Kagera. Tuna fundi na michango kidogo. Tuanzie wapi? — Kamati, Kagera

Anzieni na majina, fundi asubiri. Mnara uliojengwa kabla orodha haijakamilika huishia na majina ya nyongeza yaliyopakwa rangi kando, na rangi ile haimalizi miaka mitatu. Kusanyeni kutoka kwenye familia, kisha linganisheni na ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya pamoja na majina yaliyo makaburini Kaboya, Muleba, walikozikwa wanajeshi wengi wa vita vile. Amueni mapema, kwenye mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari uandikwe: je, anayehesabiwa ni aliyeuawa kwa risasi tu, au na mwanamgambo aliyekufa kwa ugonjwa kambini, na mwanakijiji aliyeuawa Oktoba na Novemba 1978 jeshi la Amin lilipovuka? Ushauri wetu ni kuwaandika wote, raia kwa kichwa chao. Ugomvi wa kuachwa jina hudumu kuliko saruji.

Pangeni kwa alfabeti bila kutanguliza vyeo. Kapteni hakufa zaidi ya kuruta. Acheni nafasi tupu chini, walau sehemu moja ya kumi, kwa majina yatakayoibuka. Kabla ya kuchonga, chapisheni orodha kwa herufi kubwa, kila familia isome jina lake kwa sauti na kuweka sahihi kando. Kosa likiwa kwenye karatasi linagharimu shilingi hamsini. Kwenye jiwe, jiwe zima.

Kwa jukwaa la mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 30, mtahitaji mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Kwa kila mfuko, ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hivi, pungufu kama mchanga una unyevu. Fundi atapenda kuongeza maji ili zege lilainike. Mkatalieni, kwani ndiko linakoanzia kupasuka. Limwagilieni maji asubuhi na jioni kwa siku saba, lifunikwe kwa majani ya migomba. Kama udongo wenu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimbeni mpaka muuvuke, la sivyo mnara utainama.

Bamba la majina liwe la graniti. Marumaru nyeupe inapendeza siku ya uzinduzi, ila mvua huila taratibu na herufi hupoteza kingo. Shaba isahauni, wanunuzi wa vyuma chakavu watalibeba usiku. Herufi zichongwe, zisipakwe: kimo milimita 25, kina milimita 3, zisomeke na mzee aliyesimama hatua mbili. Bamba lielemee nyuma kidogo ili maji yasituame kwenye herufi.

Shikamooni. Shule yetu inataka kuadhimisha 25 Julai. Ni nani anaweka nini kwenye mnara? — Mwalimu, Morogoro

Marahaba, Mwalimu. Kitaifa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani shoka. Shuleni hamlazimiki kuiga vyeo. Mkuki na ngao mpeni mwanafunzi, na shoka mzee aliyepigana, kama mnaye. Mpeni kiti kivulini na maji, msimsimamishe nusu saa juani kwa jina la heshima. Mpiga buruji atoe mlio wa maombolezo, kimya cha dakika moja kwa saa iliyoshikwa mkononi, kisha mlio wa kuamsha. Bila buruji, filimbi au ngoma moja inatosha. Majina ya wafu wa kata yenu yasomwe na wanafunzi waliofanya mazoezi ya kuyatamka.

Na mashujaa wa leo? Mwenzetu aliokoa watoto watatu mtoni wakati wa mafuriko. Tunataka serikali imtambue, tumwandikieje? — Msomaji, Kilosa

Mwandikieni wiki hii, si mwaka ujao. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walifika na mitumbwi kabla ya wengine. Watu 24 walipona. Nchi nzima ililijua jina la Majaliwa Jackson. Akapewa shilingi milioni moja na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Lakini ulizeni leo majina ya wavuvi wenzake wa asubuhi ile, muone ni wangapi watakaojibu.

Maelezo yenye nguvu hayana sifa ndani yake. "Ni shujaa wa kweli mwenye moyo wa simba" haimsaidii anayepitisha faili. Mfano mzuri ni wa Chancy Chitete, askari wa Malawi wa kulinda amani aliyeuawa karibu na Beni, Kongo, Novemba 2018. Habari yake inasemeka kwa sentensi moja: chini ya risasi alimwendea Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania, aliyekuwa amejeruhiwa, akamvuta mpaka salama, na yeye akapigwa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa, akiwa marehemu, medali yake ya ushujaa wa kipekee, inayoitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali. Nani, wapi, alikuwa anakabili nini, alifanya nini, nini kilitokea.

Nanyi fanyeni hivyo. Kila shahidi aandike peke yake, bila kusikia maelezo ya mwenzake, kisha mlinganishe. Andikeni saa, kina cha maji kwa kulinganisha na mwili wa mtu, umbali toka ukingoni kwa hatua zilizopimwa papo hapo, aliingia mara ngapi, kama anajua kuogelea, na kama alikuwa ameona mtu mwingine akisombwa kabla ya kuingia. Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kwamba alijua hatari. Palipo na tofauti kati ya mashahidi, msizifute. Ambatanisheni picha za mto wa siku ile, namba ya RB, ile ya taarifa ya polisi, kama polisi walifika, barua ya mtendaji wa kijiji na ridhaa ya wazazi wa watoto kabla hamjataja majina yao. Peleka nakala kwa Mkuu wa Wilaya, nyingine ibaki na mhuri wa kupokelewa. Walioko Kenya wana njia yao: Baraza la Mashujaa chini ya Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014 hupokea mapendekezo kutoka kwa wananchi.

Na kabla ya yote, mwulizeni mwenyewe. Wapo wasiopenda kutajwa, na wapo ambao bado wanamwota mtoto wa nne.